Waandishi wa hadithi, tupeane uzoefu: unaandika saa ngapi, na hadithi yako huanzia wapi?

Mwanzisha uzi
Habari zenu wakuu. Vitabu vya fasihi vimetufundisha ploti, wahusika na mandhari. Sijakutana na kinachoeleza mtu mwenye kazi na watoto anaipata wapi saa ya kuandika, na akishaipata anaanzaje. Tuelezane hilo.

Mimi naandika alfajiri baada ya swala, nyumba ikiwa bado imelala. Natumia kaunta buku na peni, simu inabaki chumbani. Sianzi na kisa, naanza na mtu anayetaka kitu. Riwaya ninayoandika sasa ilianza na mama mmoja wa kubuni anayenunua samaki mnadani Feri kwa pesa ya mkopo, na siku hiyo mzigo umeadimika. Nilipojua anadaiwa na nani na kwa nini hawezi kumwambia mumewe, sura za mwanzo zilikuja zenyewe. Kabla sijafunga daftari naandika mstari mmoja tu: kesho anakwenda wapi. Mstari huo ndio unaonitoa kitandani.

Mchangiaji, Temeke
Mkuu, mimi ni wa simu. Naandika kwenye daladala, naandika kwenye foleni ya benki. Simulizi zangu nauza kwa sehemu: za mwanzo bure, halafu anayetaka kuendelea analipia kwa simu na kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Wasomaji wakishikwa na arosto ya kujua kinachofuata hawakuachi ulale, meseji mpaka usiku wa manane. Kwangu hiyo ndiyo nidhamu, maana watu wamelipa.

Nina taratibu mbili ambazo sizivunji. Siweki sehemu ya kwanza kabla sijajua mwisho. Najua nani anakufa, nani anabaki na mtoto. Na siweki sehemu niliyoiandika siku hiyohiyo, lazima niwe na kadhaa za akiba, kwa sababu umeme, ugonjwa na misiba havipigi hodi. Pia nina ukurasa wa wahusika: jina, umri, kabila la mama, kovu liko shavu gani. Msomaji wa simulizi za kuendelea ana kumbukumbu kali. Ukimhamishia mtu kovu, atakurudisha sehemu ya 3 akuoneshe.

Watu wanadharau mtindo huu wakati magazeti yetu yamechapa hadithi za "itaendelea" kwa miaka mingi. Kukata sehemu mahali ambapo msomaji hawezi kuvumilia ni ufundi, nao unafanyiwa kazi.

Mchangiaji, Morogoro
Mimi ni muuguzi. Usiku wodi ikitulia nashika daftari dogo, akiita mgonjwa linarudi mfukoni. Siandiki kisa cha mgonjwa yeyote, hata nikibadilisha jina. Ninachochukua ni namna watu wanavyosema wakiwa na hofu: wanaongelea mbuzi, shamba, ada ya mtoto, kila kitu isipokuwa ugonjwa. Mazungumzo yangu yote nimeyajenga juu ya hilo.

Mchangiaji, Mombasa
Hamjambo nyote. Dada wa Morogoro, hapo kwenye mazungumzo umenigusa. Mimi ni mwalimu, na hadithi fupi naziandika likizo shule zikifungwa. Rasimu ya kwanza namsomea mama kwa sauti. Akisema "huyu hasemi hivi," nafuta. Bibi wa Mji wa Kale namwachia Kimvita chake, kijana wa Nairobi namwachia Sheng, na usimulizi nauandika kwa Kiswahili sanifu. Mhariri mmoja alitaka yote yawe sanifu, tukavutana sana. Nashukuru nilishikilia.

Kwa wanaosubiri kompyuta: Ngũgĩ wa Thiong'o alizuiliwa bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, na akiwa gereza la Kamiti aliandika riwaya ya Kigikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, kwenye karatasi za chooni. Askari walimnyang'anya, baadaye akarudishiwa. Wanafunzi wangu hushangazwa na karatasi. Mimi hushangazwa na kwamba kila siku alijua sura inayofuata.

Mchangiaji, Unguja
Assalaam alaykum. Mie naandika kwa mdomo. Mikono imo kwenye unga wa chapati, simu iko pembeni inarekodi, najisimulia. Usiku watoto wakilala nasikiliza na kunakili. Yale maneno ya ziada ya kusemea huyaacha, lakini pumzi ya msimulizi hubaki, na hiyo ukikaa mbele ya karatasi tupu haiji. Jamani, mkikwama katikati mnafanyaje? Mie hapo ndipo hadithi zangu nyingi zilipolala.

Mchangiaji, Temeke
Dada yangu, mara nyingi nikikwama nakuta nimempa mhusika njia rahisi huko nyuma. Kapata pesa bila jasho, au kasamehewa haraka. Narudi hapo namnyang'anya, na hadithi inaanza tena kusogea.

Mwanzisha uzi
Nakubaliana naye. Nami naongeza: rudi kwenye rekodi zako, tafuta mhusika wa pembeni uliyempitia haraka, shemeji au jirani, kisha simulia tukio lililokwama kwa sauti yake. Si lazima libaki kitabuni. Jaribu na ile uliyoilaza mwisho, kisha uje utuambie ilikwendaje. Wengine endeleeni kudondosha, hasa mnaoandikia watoto, hamjasikika bado.