Tupeane uzoefu: michano iliyowahi kufanya kitu mtaani kwako (Kigoma, na Tabora karibuni)

Mwisho wa Reli
Wakuu, habari za jioni. Natoka Mwanga sokoni sasa hivi. Vijana wamekaa kilinge karibu na wauza mawese, mmoja anapiga biti kwa mdomo, mwenzake anachana habari za maji. Mama mmoja kaacha biashara yake, kasikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwanangu, hayo kayaseme kwenye mkutano wa mtaa." Nikaona nifungue uzi. Lini uliona hip hop ikifanya kazi kwa vijana wa kwetu? Siongelei shoo za kiingilio.

Binti Gungu
Mahafali ya kidato cha nne. Miaka ile ukipata mimba shule ndiyo basi, ruhusa ya kurudi imekuja Novemba 2021. Nikachana habari za rafiki yangu aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni, kaja tu kutuona wenzake tukimaliza. Beti ya pili wakakata maiki. Nikamalizia kwa sauti yangu, wasichana wote wamesimama. Baba yake, ambaye walikuwa hawasemeshani, alimfuata palepale akampokea mtoto.

Kibirizi Mwaloni
Aisee dada. Hii imenigusa.

Mnyamwezi wa Isevya
Na Tabora tuhesabiwe, ila niseme ukweli unaoniuma. Kwetu wachanaji wananunuliwa kila kampeni. Fulana na mafuta ya bodaboda, wiki inayofuata wanamsifu yuleyule waliyekuwa wanamsema. Ukombozi gani huo?

Mchanaji wa Kasulu
Mkuu, usitutie wote kapu moja. Ngoja nieleze yaliyonikuta, wa Kigoma wenzangu wataelewa.

Nilikuwa naenda Dar kwa basi. Kwenye kizuizi wakapanda maofisa, wakaanza kusemesha abiria. Nilipofungua mdomo tu, lafudhi ya Kiha hiyo, inafanana na Kirundi, nikaambiwa shuka, wewe Mrundi. Nikatoa kadi ya mpiga kura, wakasema hizo zinanunuliwa. Wakaniuliza babu wa babu yangu kazikwa wapi. Nikajibu Heru Juu. Wakacheka. Basi likaondoka na begi langu.

Tulipowekwa tulikuwa wengi. Aliyenivunja moyo ni mzee wa rika la baba yangu, alikuwa anakwenda kutibiwa, analia na kusema yeye kapigana vita vya Kagera. Mtu kaenda kulinda mpaka wa nchi hii mwaka 1978, leo anaulizwa yeye wa nchi gani!

Sikulala. Nilikuwa na tiketi na kalamu. Nikaandika nyuma ya tiketi, nafasi ilipokwisha nikaandika kiganjani. Nilipoachiwa nikarudi nyumbani, Jumapili kukawa na bonanza la mpira. Mapumziko nikaomba maiki ya mtangazaji. Nikachana nusu Kiswahili nusu Kiha, kiitikio ni swali lao lenyewe: babu wa babu yako kazikwa wapi? Uwanja ukawa unajibu kwa majina ya vijiji. Makere! Muyama! Manyovu! Kipindi cha pili kilichelewa, watu wamepanga foleni kwenye maiki wanasimulia walivyoshushwa. Walimu, muuguzi wa zahanati, hadi mtoto wa diwani. Kumbe kila mmoja alikuwa anaificha kama aibu ya nyumbani kwao.

Diwani akaitisha mkutano. Sisi vijana tukaanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya kadi za kliniki na kutafuta mashahidi, watoto wapate vyeti vya kuzaliwa. Mpaka leo tunapita. Fulana ya kampeni sijawahi kuvaa.

Kibirizi Mwaloni
Manyovu tupo! Mimi walinishusha na mke wangu mjamzito. Yule mzee alifika hospitali?

Mchanaji wa Kasulu
Mwanawe alileta karatasi za jeshi, akatoka kabla yangu. Sijui zaidi.

Mkongwe Ujiji
Hii ndiyo hip hop. Ya mahafali ile ni ngonjera, dada atusamehe.

Binti Gungu
Sikusamehe. Ile pati ya Bronx, New York, ya Agosti 11, 1973 ambayo wakongwe mnaitaja kila siku kuwa ndipo hip hop ilipozaliwa, DJ Kool Herc alipiga tu muziki. Aliyeiandaa ni dada yake, Cindy Campbell, alitaka hela ya nguo za shule. Msichana na mambo ya shule, hapo ndipo mlipoanzia.

Mwisho wa Reli
Mkongwe, hilo limekufika. Wa Kasulu, weka wimbo tusikie.

Mchanaji wa Kasulu
Sijarekodi.

Fundi Biti Katubuka
Njoo studio kwangu, hulipi. Ila jina la kile kizuizi liondoe kwenye wimbo. 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo, mwezi uliofuata Roma na wenzake wakatekwa wakiwa studio Dar. Hao nchi nzima ilipiga kelele. Wewe wa Kasulu nani atakupigia?

Binti Gungu
Usiondoe hata neno. Ukishalainisha, watoto wetu wataendelea kushushwa.

Mkongwe Ujiji
Usirekodi kabisa. Ukiwa uwanjani wanaimba wote, hakuna wa kumkamata. Na Kiha kiongeze.

Mnyamwezi wa Isevya
Mimi ningesema agombee. Wachanaji wamewahi: Sugu aliingia bungeni 2010, Profesa Jay 2015. Lakini mdogo wangu wa Kasulu, yale ya fulana sikuyasema kwa ajili yako. Nitumie hicho kiitikio. Kuna dogo Ulyankulu anachana vizuri sana, wazazi wake walikimbia Burundi 1972, uraia wamepewa 2014, na bado mtaani anaitwa mkimbizi.

Kibirizi Mwaloni
Sasa huyo babu wa babu yake kazikwa ng'ambo ya mpaka. Atajibu nini?

Mchanaji wa Kasulu
Atajibu hivyohivyo, Burundi, na raia ni yeye. Beti ya tatu nampa. Fundi, tukija wawili unatupokea?

Fundi Biti Katubuka
Njooni. Nauli ya treni ya dogo toka Tabora nani anachangia?

Binti Gungu
Nusu niandikie mimi. Na mimi nachana.