Tupeane uzoefu: Hadithi uliyoandika uliiokota wapi, na mwenyewe alijijua?

Wakuu, habari za jioni. Hili nalileta kwa wanaoandika hadithi, hata zile za kurusha sehemu kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp.

Nimepanga Tandika. Nyumba ina vyumba sita na luku moja, kwa hiyo kila umeme ukiisha ni ugomvi: nani ana friji, nani kalala na feni. Chumba cha mwisho anakaa kaka mmoja mpole sana. Nikagundua anapiga pasi saa nane za usiku, wenzake tukiwa tumelala. Harufu ya nguo yenye joto ilikuwa inapita chini ya mlango hadi ukumbini.

Nikaiandika. Nikambadilisha jina, nikamhamishia Manzese, nikampa kazi ya ulinzi. Pasi nikaiacha, na saa nane nikaiacha. Sehemu ya tatu ilipotoka, mtu akairusha kwenye grupu la wapangaji. Kesho yake kanikuta bombani. "Dada, zile hazikuwa nguo zangu. Nilikuwa nawapigia watu, nipate kodi. Hiyo mbona hukuiandika?"

Ndoo imejaa, inamwagika, mimi nimesimama tu.

Wenzangu mnafanyaje?

Abiria wa Dirishani
Pole dada. Mimi matukio ya watu siyagusi, naokota maneno. Kuna siku kwenye daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, foleni imetukamata Tazara, mama mmoja nyuma yangu anaongea na simu: "Msiba uishe kwanza, ndiyo tugombane vizuri." Akashuka. Sijui nani alikufa wala walikuwa wanagombea nini, na nashukuru kwa hilo, maana ningejua ningeishia kuandika yaliyotokea kwao. Kwa kutojua, nimepata kurasa arobaini.

Kwenye mwendokasi siokoti kitu. Watu wamebanana, kila mtu kashika mfuko wake na pumzi yake.

Fundi wa Kinondoni
Nashona nguo. Daftari langu la vipimo ndilo daftari la hadithi. Kiuno 32 mwezi wa tano, mwezi wa nane 28, gauni lilelile limerudi kupunguzwa. Siulizi. Mteja mwenyewe ataanza kusema nikishaweka pini mdomoni, kwa sababu anajua siwezi kumjibu.

Konda Mstaafu
Vijana, nisikilizeni kidogo. Kuokota ya leo ni rahisi. Mkitaka ya zamani, waulizeni waliokuwepo. Nimesoma hadithi ya mtu humuhumu, mhusika wake yuko Dar ya 1975 anapanda daladala kituoni kwa raha zake. Daladala ipi? Magari ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi 1983. Kabla ya hapo unasubiri basi la UDA, au unapanda gari la kuibia na konda jicho liko kwa polisi. Na hilo jina ni la nauli: sarafu ya shilingi tano tuliita dala, ndiyo tukawa tunaita watu "dala! dala!"

Kwa upande wangu, abiria niliwakumbuka kwa chenji. Kuna anayeidai kabla hujaishika noti yake. Kuna binti alikuwa anaisahau kila Ijumaa, Jumatatu anakuja kuidai kwangu, haendi kwa konda mwingine. Hiyo sijaiandika na siiandiki, mama watoto anasoma simu yangu.

Wa Magomeni
Mimi siandiki. Mimi niliandikwa.

Shoga yangu alichukua talaka yangu akaifanya hadithi. Msidhani niliumia kwa sababu ya siri, mtaa mzima ulikuwa unajua, na godoro langu lilipita barabarani kwenye mkokoteni saa nne asubuhi. Kilichoniuma ni kwamba kaniandika ninalia. Sikulia. Siku ile nilikaanga samaki, nikauza mpaka wa mwisho, kuna mteja akaniambia leo umepatia chumvi. Yeye alikuwepo, alikula wawili, hakulipa. Akaona samaki hawatoshi kwa hadithi, akaongeza machozi.

Abiria wa Dirishani
Dada wa Magomeni, hao samaki umemzidi mwandishi.

Wa Magomeni
Usiwaguse.

Mleta mada
Nimerudi. Jana umeme umekatika, tumekaa wote barazani, nikapata ujasiri nikamuuliza yule kaka kama naweza kuiandika upya, safari hii na nguo za watu ndani yake. Kafikiri kweli, hakunijibu haraka. Kasema niandike, ila huko Manzese nilikomhamishia nimpe chumba chenye luku yake mwenyewe.