Tupeane uzoefu: ulipofika Osaka kula, nini kilikuumbua?

Mleta uzi
Wakuu, nimepita sehemu jioni hii jamaa anachoma pweza, harufu ikanisimamisha katikati ya njia, nikakumbuka Dotonbori, ule mtaa wa misosi wa Osaka. Mliofika mnaijua ile foleni ya karibu na daraja, juu lile tangazo la Glico, kampuni ya peremende, la mkimbiaji kanyoosha mikono, chini watu wanapigwa picha na wao wamenyoosha. Nikanunua takoyaki nane, vile vidude vya unga vya mviringo na kipande cha pweza ndani, juu wamenyunyiza samaki mkavu mwembamba anachezacheza kwa mvuke utadhani yu hai. Kwa njaa yangu nikatupia kimoja kizima mdomoni. Jamani, ndani ni uji wa moto! Kutema siwezi watu wananiangalia, kumeza siwezi. Siku tatu sisikii ladha. Haya na nyie mwagikeni.

bi_tui
Uji wa moto, umenena. Mimi nilibanduka ngozi ya juu ya mdomo.

Mzee wa Supu
Pweza bila supu yake? Wanamkatakata vidogo hivyo nguvu itoke wapi 😂

Mla Mishkaki
Afadhali wewe uliungua peke yako, mimi niliaibika mbele ya kadamnasi. 2018 hiyo, niko kule kozi fupi, wenzangu wakanipeleka Shinsekai pale chini ya mnara wa Tsutenkaku tukale kushikatsu. Ambaye hajafika, ni mishkaki tu, ila kila kijiti kimevingirishwa kwenye chenga za mkate kikakaangwa, nyama, kitunguu, hata yai la kware. Tumebanana kaunta, mbele yetu chombo cha bati kina sosi nyeusi nyepesi, pembeni kabichi mbichi ya bure. Sasa mimi nimekulia kwenye mishkaki ya barazani, unachovya kwenye pilipili unang'ata unachovya tena nani akuulize? Nikachovya, nikang'ata, mkono ukarudi. Mzee mpishi akapiga ukelele mmoja, sikuelewa hata neno ila nilielewa yote. Mkono umeganda hewani, kijiti kinachuruzika. Kaunta nzima kimya, mpaka mlevi wa pembeni aliyekuwa anaimba. Mzee akanyooshea kidole ukutani, kumbe bango lipo, kubwa, na mchoro juu: marufuku kuchovya mara mbili. Ile sosi ni ya wote, haibadilishwi kila mteja akinyanyuka. Akabeba chombo akaenda kumwaga yote kwa ajili yangu. Nikamtolea yen 1,000 ya fidia, akanirudishia kwa mikono miwili, akaleta sosi mpya na kijiti cha yai la kware ambacho sikuagiza. Mpaka leo sijui alinisamehe au alikuwa ananitega.

wa_eastlands
Manze nimecheka kwa matatu hadi konda ameniuliza kama niko sawa. Sosi yote imemwagwa kwa sababu yako!

binti_forodhani
Samahani kaka, hiyo nyama ilikuwa ya nini? Maana kule nguruwe anaingia hadi kwenye okonomiyaki, ile chapati yao ya kabichi, hujamuagiza, na rameni, zile tambi za supu, nyingi supu yake ni ya mifupa ya nguruwe.

Mla Mishkaki
Ng'ombe.

binti_forodhani
Na mafuta ya kukaangia?

Mla Mishkaki
Dada angu mimi nimekuja kusimulia sosi.

abuu_safari
Usimbane. Panda treni Kobe, kama nusu saa hivi, kuna msikiti tangu 1935, wa kwanza Japani nzima, na mitaa ile halali ipo.

bi_tui
Yaani mtu aende Osaka akale Kobe 🙄

Mkaa Shinjuku
Ndo maana mi nilibaki Tokyo, watu wastaarabu hawapigi kelele.

wa_eastlands
Tokyo gani, mnakula kimya kama mko mtihani. Osaka wana neno lao, kuidaore, kula mpaka ufilisike.

Mkaa Shinjuku
Hata ngazi za umeme huko Osaka wanasimama kulia, sisi Tokyo kushoto. Siku nilipopita huko nilizibia watu njia nikaonekana mshamba.

Mleta uzi
Tusitoke nje ya mada. Ushauri kwa wanaokwenda?

abuu_safari
Usile huku unatembea, ni utovu wa adabu.

wa_eastlands
Dotonbori kila mtu anakula njiani, wacha kutisha watu.

bi_tui
Kula hapo hapo mbele ya kibanda, mwenyewe ana pipa lake. Ukiondoka na kijiti ndo basi, mapipa mtaani adimu, changu nilikitia mfukoni kikatoboa suruali.

Mzee wa Supu
Bahashishi msitoe, atakukimbiza mtaa mzima kukurudishia.

abuu_safari
Kwenye kushikatsu, sosi ikikuishia chota kwa kabichi umwagilie juu ya kijiti. Ila siku hizi sehemu nyingi wameweka chupa za sosi za kujimiminia, tangu korona.

Mla Mishkaki
Chupa?? Kwa hiyo mimi niliaibika bure.

binti_forodhani
Na yule mlevi aliendelea kuimba?

Mla Mishkaki
Aliendelea, tena kwa sauti zaidi. Ndo aliyenifundisha hiyo ya kabichi.