Kitu cha shaba kilichochimbwa Likoni: ofisi ya mizigo imekikataa

Mama Fatma, Leicester
Asalaam aleikum jamaa. Ofisi moja ya mizigo huko Mombasa imerudisha boksi letu, yataka barua ya NMK (Makumbusho ya Taifa ya Kenya) kwa sababu ndani mna kitu cha kale. Mpwa wangu alikipata kwa ditekta ya vyuma nyuma ya nyumba Likoni, kama futi moja chini. Ni kizito, mfano wa karoti nene. Ukikikwaruza ni manjano. Upande mpana una nyuzi za skurubu, upande wa pili umechongoka. ToR1 yangu, ile fomu ya forodha ya Uingereza ya anayehamia na vitu vyake, imeshapita. Je, haitoshi? Na hiki kitu ni nini hasa?

Ami wa Makadara, Toronto
Wa aleikum salaam. Hiyo ni bildi, mwanangu. Bildi ya jahazi, ya kupimia kina. Mwambie aangalie kitako: bildi ina shimo chini, hujazwa shahamu ili mchanga au matope ya sakafu ya bahari yagande, nahodha ajue yuko juu ya nini. Ya mkono ilikuwa ratili 7 hadi 14, na kamba yake ilitiwa alama kwa pima.

Fundi wa Kibokoni, Hamburg
Ami, samahani, lakini umesoma alichoandika? Manjano. Bildi ni ya madini ya risasi, na risasi ukiikwaruza hung'aa kijivu kisha hufifia. Tena bildi haichongoki, la sivyo ungetia wapi shahamu?

Tuache kubahatisha kwa picha. Mizani ya jikoni ya kidijitali yatosha. Pima kitu kikiwa kikavu. Kisha weka ndoo ndogo ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uning'inize kitu kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba inayosoma ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Risasi ni 11.3, shaba nyekundu 8.9, shaba njano 8.4 hadi 8.7, chuma 7.8, zinki 7.1, alumini 2.7. Mfano: gramu 1,120 kwa 130 ni 8.6, basi ni shaba njano. Ingekuwa risasi mizani ingesoma 99. Yanayoharibu hesabu ni viputo vya hewa, udongo uliobanana kwenye tundu, na uwazi wa ndani. Hewa ikinaswa ndani, namba ya mwisho hushuka na shaba itaonekana kama zinki.

Bi Mwana, Slough
ToR haihusiani kabisa na jambo hili! ToR ni ya vitu ulivyovimiliki na kuvitumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama. Kitu kilichochimbwa juzi utasema umekitumia wapi? Na usihangaike na FLO wa hapo Leicester, yaani afisa wa PAS, mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa; PAS huandika vitu vilivyopatikana Uingereza na Wales tu.

Upande wa Kenya ni sheria ya makumbusho ya 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki bila kibali. Aliyekipata anapaswa kuwaarifu NMK ndani ya siku 7, aseme mahali hasa na namna alivyokipata. Kwa Mombasa mlango ni Fort Jesus. Na huyo mpwa aelezwe kwamba kuzunguka na ditekta akichimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa, hata kama kiwanja ni cha bibi yake.

Mjukuu wa Mji wa Kale, Dubai
Kiroweke kwenye ukwaju na chumvi usiku kucha, maandishi yatatokea. Kisha mafuta ya kulegeza skurubu na spana ya bomba, afungue aone ndani.

Baba Swaleh, Aldershot
HAPANA. Asifungue, asigonge, asitie spana. Hamjajiuliza kwa nini kitu cha shaba njano kilichochongoka kina nyuzi upande mpana? Fyuzi ya kombora, yaani kile kilipuzi cha puani, ina umbo hilohilo. Nyuzi za upande mpana ndizo zinazoingia kwenye pua ya kombora. Fyuzi ya Waingereza Na. 80, ya vita vya 1914 hadi 1918, ina duara lenye mistari 0 hadi 22 ya kutegea muda. Tafuta duara lenye namba, vishimo viwili vya ubavuni vya kuingizia ufunguo, alama ya mshale mpana ya mali ya serikali ya Uingereza, na tundu la baruti kitakoni. Ukiona mojawapo, kiache kilipo, watu waondoke, piga 999. Baruti kuzeeka si kusema imekufa. Vita vilipiganwa Salaita na Taveta, na vyuma chakavu vya huko huteremka hadi pwani kwa uzito wa kilo.

Na huo ukwaju kaeni nao jikoni. Asidi hula zinki ya juu, shaba inabaki na wekundu, na alama nyembamba zinapotea. Udongo utolewe kwa maji safi, kijiti cha mwanzi na brashi laini ya meno. Akiona unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukifutwa, ni chumvi inafanya kazi ndani: aloweke kwenye maji yaliyotoneshwa na kuyabadilisha kwa wiki kadhaa. Yale ya kuongeza kwenye betri, jamani, si asidi yake.

Ami wa Makadara, Toronto
Vyuma chakavu! Biashara ilipigwa marufuku Januari 2022, ikafunguliwa Mei mwaka huohuo, na katikati ni nani aliyeumia kama si vijana wa mikokoteni? Makombora pia msisahau 1875, Waingereza walipoipiga Ngome ya Fort Jesus wakimtaka Al-Akida aliyeasi humo.

Fundi wa Kibokoni, Hamburg
Ya 1875 hayana uhusiano na Na. 80, Ami.

Mama Fatma, Leicester
Nimempigia. Hakuna namba wala duara wala mshale. Vishimo vya ubavuni hakuna. Urefu sentimita 12. Gramu 610, kwenye maji 73. Ncha inashika sumaku, mwili haushiki. Upande mpana ni kifuniko, kina tundu jembamba katikati linalopita hadi chini yake. Ukwaju alishatia, Mungu amsamehe.

Fundi wa Kibokoni, Hamburg
8.36. Shaba njano, imeshuka kidogo kwa ajili ya ncha ya chuma. Timazi, ile ya fundi ya kupimia unyoofu wa ukuta. Uzi hupita kwenye tundu la kifuniko na kufungwa fundo chini yake, ndiyo maana kifuniko kinafunguka, ili uzi ukae mstari mmoja na ncha. Ncha ni ya chuma kwa kuwa shaba huchakaa mapema kwa kugonga sakafu. Aining'inize na kuizungusha: iliyokerezwa kwa mashine ncha yake haiyumbi.

Umri ndio utakaoamua ile 1895. Baba Swaleh akiridhika, afungue kifuniko kwa mkono tu, kwa kitambaa, ahesabu nyuzi kwa inchi moja. 20 kamili kwa kipenyo cha robo inchi yaelekea ni Whitworth, mpangilio wa nyuzi wa Kiingereza wa 1841, kwa hiyo haitangulii hapo. Nyuzi za milimita moja moja ni za mfumo wa metriki. Atafute pia herufi Rd na namba, alama ya Uingereza ya muundo uliosajiliwa, hizo ni kuanzia 1884. Kabla yake alama ya usajili ilikuwa ya umbo la almasi, 1842 hadi 1883.

Baba Swaleh, Aldershot
Kwa mkono, sawa. Ikigoma, aache.

Mama Fatma, Leicester
Ahsanteni. Sasa ile barua, yaandikwa na Fort Jesus wenyewe au mpaka Nairobi? Na boksi likae wapi?

Ami wa Makadara, Toronto
Timazi au bildi, mimi bado nasema mumuulize fundi wa majahazi. Ikiwa bado yupo mmoja pale Bandari ya Kale.