Friji limekufa mwezi wa nane, muuzaji anasema ni umeme

Swali, kutoka Leeds

Wapendwa wa Moshi na Arusha mliotawanyika, shikamooni wakubwa, na wenzangu poleni na kazi.

Friji la milango miwili limenunuliwa kwenye tovuti ya duka moja la Dar es Salaam, likalipiwa kwa kadi ya mkopo ya Uingereza, pauni 310, likashushwa kwa mama, Kiborloni, Moshi. Mwezi wa nane tangu linunuliwe limeacha kupoza. Taa inawaka, kompresa inanguruma mchana kutwa, maziwa yanachacha. Muuzaji amejibu kwa ujumbe mmoja: "Umeme wa huko umeunguza kompresa, waranti haihusiki." Risiti ina mhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Kibandiko cha mlangoni kinasema kompresa ina waranti ya miaka 10. Tuanzie wapi?

Jibu, kutoka Manchester

Dada, mpe mama pole. Anza kwa kuliweka pembeni hilo neno waranti. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji, naye huiwekea masharti yake. Hiyo miaka 10 kwa kawaida ni ya kompresa peke yake, yaani kipuri chenyewe. Gesi, kazi ya fundi, usafiri, thamostati na mabomba huwa havimo. Watu wanahangaika miezi wakimpigia mtengenezaji, na aliyepokea hela yao amekaa kimya. Wa kwanza kudaiwa ni muuzaji, kwa sababu ndiye mliyekubaliana naye.

Umelipa kwa kadi ya mkopo, na hapo una nguvu ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya Uingereza ya mwaka 1974 kinaifanya benki iliyokupa kadi iwajibike sawa na muuzaji akivunja mkataba, mradi bei ya bidhaa imezidi pauni 100 na haikuzidi pauni 30,000. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya mwisho ya Uingereza wakati ule, Baraza la Malodi, iliamua kwamba ulinzi huo unafika hata kwa manunuzi yaliyofanyika nje ya nchi. Kwa hiyo duka kuwa Dar es Salaam si kisingizio cha benki. Hata kama ulilipa sehemu tu ya bei kwa kadi hiyo, benki inawajibika kwa bei yote.

Benki itaangalia kwanza kama mnyororo haujakatika. Hela inatakiwa iwe imetoka kwenye kadi yako kwenda kwa muuzaji, na aliyenunua awe ndiye mwenye kadi. Ukipitia kampuni ya katikati inayokusanya malipo ya wauzaji wengi, benki inaweza kukataa. Risiti ikiandikwa jina la mama huku kadi ni yako, utaulizwa mnunuzi ni nani hasa. Kwa hiyo ukiagiza, oda na risiti viwe kwa jina la mwenye kadi, na anwani ya kupokelea ndiyo iwe ya Kiborloni. Kisha mwandikie mama au mdogo wako barua ya mistari miwili ya kumruhusu kufuatilia kwa niaba yako, aiweke pamoja na risiti.

Peleka kwa benki uthibitisho wa oda, risiti, jibu la muuzaji kama lilivyo, na ripoti ya fundi. Bila ripoti ya fundi utazungushwa. Benki ikikataa, au wiki 8 zikipita bila jibu la mwisho, peleka lalamiko kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi huru wa migogoro ya kifedha wa Uingereza. Ni bure. Ukishapata barua ya mwisho ya benki una miezi 6 tu ya kufanya hivyo.

Waliolipa kwa kadi ya kawaida ya benki hawana kifungu cha 75. Wanaweza kuomba benki irudishe malipo kwa kanuni za mtandao wa kadi, lakini muda wake mara nyingi ni siku 120, na friji la miezi nane limeshachelewa. Waliolipa kwa simu hawana hata hiyo. Ukituma hela ya simu kwa duka la Instagram lenye stoo Kariakoo, kinga yako ni moja: lipa nusu, nusu nyingine mzigo ukishafika nyumbani na kuwashwa.

Jibu, kutoka Moshi mjini (fundi wa friji na viyoyozi)

Habari za huko. Kwa maelezo ya dada, hilo neno "umeme umeunguza kompresa" halijakaa sawa. Kompresa iliyoungua haingurumi mchana kutwa. Huwa inaguna sekunde chache, unasikia "tak", inanyamaza, baada ya dakika kadhaa inarudia tena. Au haisemi kitu kabisa. Kompresa inayokwenda bila kupumzika huku friji halipozi, mara nyingi gesi imepungua au imekwisha, na gesi haivujishwi na TANESCO.

Mpigie fundi, lakini mwambie asikate bomba wala kupachika valvu. Akishakata, muuzaji atasema friji limechezewa, na hapo ana hoja. Vitu vya kupima bila kufungua ni hivi.

Umeme wa kwenye soketi, kwa maltimita, asubuhi, mchana na saa mbili usiku, kwa siku 3. Kibandiko cha nyuma kinasema volti 220 hadi 240. Ukipata 215 au 235 hiyo ni hali nzuri, andika. Ukikuta 170 usiku, kama inavyotokea kwa nyumba zilizo mbali na transfoma huko migombani, uandike pia, maana kuficha hakusaidii. Umeme mdogo ndio unaoua kompresa kuliko hata mkubwa, kwa sababu mota inashindwa kuanza na inachemka.

Nyaya za kompresa, friji likiwa limechomolewa. Kompresa ya kawaida ina pini 3. Pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya kila jozi. Namba mbili ndogo zikijumlishwa zinatakiwa zilingane na ile kubwa. Kwa mfano 12 na 18 zikupe 30. Kwenye kompresa ya inveta, ile inayobadili kasi yake, zote tatu hukaribiana. Kisha pima kutoka kila pini hadi kwenye bodi ya chuma: pasiwe na mawasiliano yoyote. Yote yakiwa sawa, mota haijaungua, na maneno ya muuzaji yameanguka hapo hapo.

Mkondo, kwa mita ya kubana waya. Kama kibandiko kinasema ampea 0.8 na kompresa inavuta 0.4 bila kupoza, inazunguka bila mzigo: mara nyingi gesi hamna.

Baada ya hapo, tochi. Pitia maungio yaliyochomewa nyuma, karibu na kompresa na kwenye kichujio cha shaba. Gesi ikivuja hutoka na mafuta kidogo. Utaona doa jeusi lenye unyevu, vumbi limeganda juu yake kama lami. Doa hilo likiwa kwenye ungio la kiwandani, piga picha kwa karibu na nyingine kwa mbali, kibandiko cha seriali namba kionekane. Picha hiyo ina uzito kuliko ukurasa mzima wa maneno.

Nasema na hili wazi: kagua pia ndani ya frizi. Mtu akibandua barafu kwa kisu akatoboa bomba, kosa ni la mtumiaji na hakuna sheria itakayomtetea. Kila mwezi yanakuja mafriji ya namna hiyo. Barafu iyeyushwe kwa kuzima na kuacha mlango wazi usiku kucha.

Jambo la mwisho kwa upande wangu. Friji nyingi za sasa zina gesi R600a, na kipimo chake kimeandikwa nyuma, mara nyingi gramu 40 hadi 60. Inashika moto. Asitokee mtu wa kumpachikia mama R134a "kwa sababu ndiyo niliyonayo". Ataua kompresa, na ushahidi utakwenda nayo.

Ripoti iwe ya ukurasa mmoja: tarehe, modeli, seriali namba, vipimo, chanzo kwa sentensi moja, sahihi, mhuri na namba ya simu ya fundi.

Nyongeza, kutoka Manchester

Asante fundi. Niongeze kwa walionunua huku Uingereza na kutumia huku huku, maana nao wanauliza. Ukinunua mtandaoni una siku 14 tangu mzigo ufike za kughairi bila kutoa sababu. Bidhaa ikiwa na kasoro, sheria ya haki za walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kuikataa na kurudishiwa hela yote. Baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Ikishindikana, unadai hela. Ndani ya miezi 6 kasoro inahesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha kinyume. Baada ya miezi 6 mzigo wa kuthibitisha ni wako, na hela inaweza kukatwa kwa muda uliotumia. Lakini haki haifi: England na Wales unaweza kudai mahakamani hadi miaka 6, Scotland 5. Akikwambia "waranti ya mwaka mmoja imeisha", mjibu kwamba hudai waranti.

Wanaoumia zaidi ni wanaonunua huku na kupakia kwenye kontena. Siku 30 zinaanza mzigo unapofika mlangoni kwako Leeds. Hazingoji ufike Himo. Meli ikiwa bado baharini siku zimekwisha, na waranti ya mtengenezaji mara nyingi haivuki mipaka ya nchi ya mauzo. Fungua boksi, washa friji saa 48 likiwa na chupa za maji ndani, mashine ya kufulia ipitishe mizunguko miwili, mmoja wa maji ya moto, ndipo ufunge upya. Hifadhi boksi na maboya yake, yale mapovu meupe ya kukinga mzigo.

Jibu, kutoka Stuttgart

Kwa walioko Umoja wa Ulaya, kwa kifupi: muuzaji anawajibika angalau miaka 2. Kwa manunuzi ya kuanzia tarehe 1 Januari 2022, Ujerumani mwaka wa kwanza wote muuzaji ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Ufaransa ni miaka yote 2. Ushauri wa zamani wa kutumia jukwaa la Ulaya la kusuluhisha migogoro mtandaoni umepitwa na wakati. Lilifungwa Julai 2025. Na plagi za huku haziingii soketi za nyumbani, basi msikate waya wa plagi kabla siku za kurudisha hazijaisha. Badilisha kwa adapta nzito yenye waya wa ardhi.

Jibu, kutoka Arusha, Njiro

Tumalizie na sheria za nyumbani, kwa sababu hata benki ya dada itauliza mkataba ulivunjwa wapi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika na kinachofaa kwa kazi yake. Friji lisilopoza mwezi wa nane kwa sababu ya ungio bovu la kiwandani halijafika hapo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu haki alizonazo, kwa hiyo ule mhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi" hauifuti haki ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Mhuri huo una maana kwa aliyebadili mawazo kuhusu rangi.

Malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Ushindani, FCC, kwa maandishi. Jambo linalowakwamisha wengi ni risiti. Karatasi ya mkono iliyoandikwa "friji 1" bila modeli haisemi kitu. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, siku hiyo hiyo, hakikini namba yake kwenye mfumo wa mamlaka ya mapato, TRA, mpige picha, maana wino wake hufutika kabla hata friji halijazeeka.

Dada, barua kwa muuzaji iwe hivi, ujaze palipo wazi:

"Tarehe ___ nilinunua kwenu friji modeli ___, seriali namba ___, oda namba ___, kwa Sh ___. Lilifikishwa Kiborloni, Moshi, tarehe ___. Tarehe ___ liliacha kupoza. Ripoti ya fundi niliyoambatanisha inaonyesha nyaya za kompresa ni nzima, umeme wa nyumbani ni volti ___ hadi ___, na gesi imevuja kwenye ungio la kiwandani. Kasoro hii si ya mtumiaji wala ya umeme. Naomba ndani ya siku 14 mlitengeneze kwa gharama zenu, mkilifuata Kiborloni, au mlibadilishe, au mnirudishie hela. Mkikataa, nijibuni kwa maandishi mkiambatanisha vipimo vya fundi wenu."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Muuzaji akisema tena ni umeme, sasa aonyeshe alipima lini, wapi, na volti ngapi. Itume kwa barua pepe na kwa WhatsApp, nakala iende benki siku hiyo hiyo. Na friji lisiguswe hadi wajibu, hata jirani mwenye nia njema akija na chupa ya gesi.