Naomba ushauri: programu mpya, maktaba za zamani. Niandikie toleo lipi?

FundiKodi_Urambo: Wakuu habari za jioni. Nipo Urambo, Tabora. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya tumbaku imenipa kazi ya programu ya kupokea marobota: uzito, daraja, jina la mkulima, kisha inakata deni la pembejeo. Naandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Nitumie matoleo mapya ya maktaba (kodi zilizokwisha andikwa na wengine), au nihakikishe inakubali na ya zamani? Masoko yanakaribia, usingizi sina. Matusi sitaki.

MamaPembejeo: Hayo madeni ndiyo uyaangalie. Mzee wangu alikatwa mbolea ya mtu mwingine kabisa, kisa majina yamefanana. Tumia namba ya mkulima, majina ya kwetu yanajirudia.

Bwana Reli: Naweka kambi hapa.

Mjiji Original: Kipya andika kwa kipya. Mimi nilimwandikia mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, kila faili "kama toleo ni hili fanya hivi, la sivyo fanya vile". Nikajikuta natunza programu mbili kwa malipo ya moja, tena ya kudai.

Mzee wa Seva: Kompyuta zao zinatumia nini?

FundiKodi_Urambo: Za kawaida tu mkuu.

Mzee wa Seva: Kawaida ipi? Hapa hatupigi ramli.

FundiKodi_Urambo: Haya. Zote Windows 10 isipokuwa ya mweka hazina, hiyo ni Windows 7, na intaneti hakuna. Msiniambie ibadilishwe, haibadilishwi. Nimeshaandika nusu kwa Python 3.11, na kwake nimejaribu ikafunguka vizuri.

Mnyamwezi Mtata: CHAI! Python ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8. Kuanzia 3.9 inakukatalia mlangoni. Hiyo kompyuta hujaigusa. Huyu mwanafunzi anatafutiwa majibu ya projekti.

Bwana Reli: Tabora chai wanaipika kwa asali 😂 navunja kambi.

FundiKodi_Urambo: Si chai! Nilijaribu kwenye laptopu yangu, nikajua na kwake ni kitu kilekile. Na haibadilishwi kwa sababu mweka hazina ndiye baba wa mchumba wangu, kainunua kwa pesa yake. Barua ya posa imeshakwenda. Nikamwambie mkwe kompyuta yake chuma chakavu?

MamaPembejeo: Mahari wametaja ngapi?

Mzee wa Seva: Ungeanzia hapo. Usiandike matoleo mawili. Programu ikae kwenye kompyuta moja ya Windows 10, vuta waya wa mtandao hadi kwa mweka hazina, mzee aifungue kwa kivinjari. Chrome 109 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7, na Firefox ESR 115 inakubali. Waya ukishindikana, shuka hadi 3.8 na Django 4.2 (maktaba ya Python ya kutengenezea programu za kivinjari) kwa kompyuta zote, ila amri za `match` zote kwenye kodi yako uzifute maana zimeanza 3.10. Na ujue 3.8 haipati tena marekebisho ya usalama tangu Oktoba 2024.

FundiKodi_Urambo: Waya mzee hataki, anasema panya wa ghala watautafuna. Nashuka 3.8. Intaneti si haipo, nani ataidukua?

Mzee wa Seva: Flashi za vijana wanaomletea mzee muziki.

Mnyamwezi Mtata: Mimi bado siamini. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika winver, tupia picha. Na ya mkwe.

FundiKodi_Urambo: Kesho mkuu, umeme umekatika.

Mnyamwezi Mtata: Na hapa unaandikia nini, kibatari?

FundiKodi_Urambo: Simu.