Stika, kifuko au kidani: kipi kinakinga kweli mawimbi ya telefoni?

Mama Mapacha, Katuba
Jambo yenu. Kuna kijana anapita nyumba kwa nyumba huku kwetu na sanduku la vitu vya "kukinga mawimbi". Stika ya kubandika nyuma ya telefoni dola 5, kifuko cha kitambaa chenye nyuzi za chuma dola 15, kidani cha jiwe jeusi dola 25. Aliniambia ninyooshe mkono, akausukuma, ukashuka. Akanivika kidani, akasukuma tena: mkono umekaza kama mti. Mapacha wakapiga makofi. Nyuma ya ukuta wa jirani kuna mnara, na usingizi sina. Ninunue kipi?

Fundi Kamalondo
Yaya, usitoe hata franka kwanza. Hizo stika nazibandua kila wiki kwa wembe. Karatasi ya rangi ya dhahabu na gundi, basi.

Jaribu mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio, penye habari za telefoni, utafute nguvu ya mtandao. Inaandikwa kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mtandao ni dhaifu zaidi. Hapa mezani kwangu ilisoma -87. Nikabandika stika: -87, ikagusa -88, ikarudi -87. Nikaifunga telefoni kwa karatasi ya alumini ya kuchomea samaki: -112, na mteja aliyekuwa ananipigia akaambiwa sipatikani. Siri yote iko hapo. Kinachozuia mawimbi kinazuia na simu yenyewe. Ukiona unaongea vizuri na stika yako, ujue mawimbi yanapita kama kawaida.

Kifuko ndicho kibaya zaidi, maana kinazuia nusunusu. Telefoni ikiona mnara uko mbali inaongeza nguvu ya kurusha, nawe unaiweka hapohapo mfukoni. Betri inakufa kabla ya saa kumi. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, imewaonya wanunuzi juu ya jambo hilohilo.

Bel-Air 4
Na ile USB ya Uingereza ya 2020 mnaikumbuka? Zaidi ya pauni 300, eti inakinga nyumba nzima na 5G. Watu wa Pen Test Partners, kampuni ya kupima usalama wa kompyuta, wakaifungua: flashi ya kawaida ya MB 128, imebandikwa stika 😂

Dada Kampemba
Mnacheka, lakini mimi kichwa kilikuwa kinaniuma kila jioni. Tangu nibandike stika, miezi miwili sasa, kimya. Nisiuamini mwili wangu?

Fundi Kamalondo
Dada, kuuma kulikuwa kuuma kweli, sibishi. Lakini watu wanaosema mawimbi yanawaumiza wamejaribiwa mara nyingi mbele ya kifaa wasichojua kama kimewashwa au kimezimwa. Wanabahatisha tu, na kichwa kinawauma hata kikiwa kimezimwa. Hujabadilisha kitu kingine siku hizo?

Dada Kampemba
Miwani. Mwezi wa nne. Haya, tuachane nayo.

Mzee wa Likasi
Wanangu, mimi naogopa kidani kuliko mnara. Mwezi wa 12, 2021, mamlaka ya nyuklia ya Uholanzi ilitaja vitu 10 vya namna hii, vidani, bangili, hata kitambaa cha macho cha kulalia, vyote vikiwa vinatoa mionzi ya kweli. Akikivaa mtu usiku na mchana kwa muda mrefu, ngozi inaweza kudhurika. Mawimbi ya telefoni hayawezi kung'oa elektroni hata moja kwenye atomi. Yanapasha joto, tena kidogo. Mionzi ya urani na thori, madini yanayokutwa kwenye vidani kama hivyo, inang'oa. Sisi majirani wa mgodi wa Shinkolobwe, palipotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, ndio tuvishwe jiwe shingoni bila kuuliza limechimbwa wapi? Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Mama Mapacha, Katuba
Na mnara, baba? Huo siwezi kuubandua kwa wembe.

Fundi Kamalondo
Nijibu mimi. Antena za mnara zinarusha mbele, kwenda mbali, si chini miguuni pake. Kichwa chako kinapata mengi zaidi kutoka kwenye telefoni iliyo sikioni. Sitasema hakuna swali kabisa: mwaka 2011 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani "huenda" yanaleta saratani. Uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, uliotoka 2024, haukuona uhusiano kati ya telefoni na saratani ya ubongo. Ukitaka kupunguza bado, tumia ekuteri, zile nyaya za masikioni, au weka spika. Na usipige simu ndefu penye mtandao wa kijiti kimoja. Ekuteri unazo tayari, zilikuja na telefoni.

Mama Mapacha, Katuba
Kijana alirudi leo. Nimefunga kidani ndani ya kipande cha kitenge, na kokoto la uani ndani ya kingine. Mapacha wakavichanganya nje ya mlango. Nikamwambia sukuma, useme kipi ninacho. Mara sita: alipatia mbili. Akasema mnara wa jirani unamvuruga! Kaondoka haraka hata kidani amekisahau, na sasa mapacha wanakigombania.

Mzee wa Likasi
Wanyang'anye, mama. Kwa macho huwezi kujua kina nini. Kifunge ndani ya mfuko, ukiweke mbali na mnapolala. Wasikisage wala kukitupa motoni.